Maswali ya Wasomaji: Mabosi Wawili, Shoti ya Kaunta na Msimamizi Mdogo kwa Umri

Barua zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili zimetoka kwa watu wa kazi mbalimbali, lakini nyingi zinalalamikia jambo linalofanana: kuna mtu kazini ambaye ni mzembe, mkaidi au hafai. Katika karibu kila barua nimeona kwamba kabla ya kumfikia mtu huyo kuna jambo katika mpangilio wa kazi ambalo mwenye mamlaka hakuliweka sawa, yaani kazi hiyo ni ya nani, anayeifanya anawajibika kwa nani, na kipimo cha kuifanya vizuri ni kipi. Majibu yangu yanaanzia hapo.

Swali: *Mimi na mume wangu tunamiliki kiwanda kidogo cha kuoka mikate mjini Morogoro, chenye wafanyakazi kumi na tisa. Mimi naangalia uokaji na usambazaji, mume wangu anaangalia fedha na stoo, ingawa hatujawahi kukaa rasmi tukagawana kazi. Wasimamizi wa zamu hawadumu, na mwezi uliopita ameondoka wa tatu. Vijana wanasema hawajui wamsikilize nani, lakini mume wangu anaamini kwamba hizo ni hila za wavivu. Tunakosea wapi?*

Jibu: Dada yangu, katika barua yako, ambayo hapa tumeifupisha, umesimulia usiku mmoja unaonitosha kuielewa hali nzima. Wewe uliwaandikia vijana kwenye kundi la WhatsApp kwamba waanze kukanda saa nane usiku badala ya saa tisa, kwa sababu shule moja ilikuwa imeongeza oda. Mume wako, bila kuwa na habari hiyo, alikuwa amemwagiza mtunza stoo asitoe hata mfuko mmoja wa unga bila saini yake. Waokaji walifika kwa wakati, oveni ikawashwa, na watu sita wakakaa juu ya kreti tupu wakipiga simu isiyopokelewa hadi karibu na adhana ya alfajiri. Asubuhi msimamizi wa zamu aliulizwa na wewe kwa nini mikate ya shule imechelewa, kisha akaulizwa na mume wako kwa nini gesi imeteketea bure. Sioni uvivu hapo. Naona mtu aliyepewa amri mbili ambazo hakuna binadamu anayeweza kuzitii kwa pamoja, na nisingeshangaa kama naye alianza kutafuta kazi kwingine wiki hiyohiyo.

Tatizo lenu lina umri mrefu kuliko kiwanda chenu. Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, alikabidhiwa mwaka 1888 uongozi wa kampuni ya makaa ya mawe na chuma ya Commentry-Fourchambault ikiwa katika hali mbaya sana ya kifedha, na alipong'atuka mwaka 1918 aliiacha ikiwa imara. Mwaka 1916 alichapisha kanuni 14 za uongozi alizozitoa katika kazi yake mwenyewe, na mojawapo inasema kwamba mfanyakazi apokee maagizo ya kazi kutoka kwa mkuu mmoja tu. Fayol aliona kwamba kanuni hii huvunjwa mara nyingi tangu siku ya kwanza pale washirika wawili, marafiki wawili au watu wawili wa familia moja wanapoona haya kugawana madaraka, wakitumaini kwamba kupendana na kuwa na maslahi mamoja kutawaepusha na mgongano. Nadhani hapo amewaeleza ninyi kabisa. Upendo wenu ni wa kweli na nia yenu ni moja, lakini mwokaji aliyesimama mbele ya oveni saa tisa usiku hawezi kuisoma nia hiyo, na anachokisikia ni sauti mbili tu.

Nawashauri mkae ninyi wawili, mbali na kiwanda, mwandike uamuzi mmoja mmoja unaofanyika kila siku na jina la yule mwenye kauli ya mwisho juu yake, pamoja na jina la anayepaswa kuarifiwa. Nani anapanga saa ya kuanza kukanda? Nani anakubali oda mpya baada ya saa kumi jioni? Nani anaajiri kibarua wa siku moja? Msiandike majina mawili mahali pamoja, hata kama kuna mahali mtatamani kufanya hivyo, kwa maana hapo ndipo ugomvi wa kesho utakapozaliwa. Kwa jinsi ulivyoeleza, msimamizi wa zamu awe chini yako peke yako, na mtunza stoo awe chini ya mume wako peke yake, kisha pale kazi zenu zinapokutana, yaani kwenye unga, muweke utaratibu usiohitaji simu ya usiku: oda ya siku inayofuata iandikwe na kusainiwa na nyote wawili kabla ya saa kumi na mbili jioni, na unga, hamira na mafuta ya kiasi hicho vitolewe jioni hiyohiyo na kukabidhiwa kwa msimamizi wa zamu. Mume wako akiona kosa ukumbini, akuambie wewe, asimwambie mwokaji, isipokuwa kama ni jambo la hatari kama gesi kuvuja, ambalo yeyote aliyeliona anapaswa kulizuia papo hapo. Kundi la WhatsApp libaki kuwa la taarifa, na maagizo yapite kwa msimamizi.

Jambo la pili ni kwamba msimamizi mnayemwajiri sasa apewe madaraka yanayolingana na lawama mnazombebesha. Mkitaka awajibike kwa mikate kutoka kwa wakati, basi awe na kiasi cha fedha, hata kama ni kidogo, anachoweza kukitumia bila kuomba ruhusa, mathalani kumlipa fundi umeme usiku au kukodi bajaji pale gari la kusambazia linapoharibika, na hesabu yake mtaikagua asubuhi. Msimamizi asiyeweza kuamua chochote huwa ni mpeleka ujumbe tu, na mtu mwenye uwezo hakai muda mrefu katika kazi ya kupeleka ujumbe.

Najua kwamba katika nyumba nyingi si jambo jepesi mke kumwambia mumewe kuwa eneo hili la kazi aliachie yeye. Kama mazungumzo ya ninyi wawili yanaishia pabaya, mwiteni mtu wa tatu ambaye nyote mnamsikiliza na ambaye haishi kwa mshahara wenu, kwa mfano mhasibu anayewafungia hesabu za mwaka, na karatasi hiyo iandikwe mbele yake. Na kwa kuwa vijana wenu hufanya kazi usiku, hakikisheni pia kwamba mnawalipa nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kama inavyotakiwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Hukuligusia suala hili katika barua yako, lakini wenye viwanda vya mikate wengi hulisahau.

Swali: *Nina duka la vifaa vya ujenzi Kahama lenye matawi mawili, na watu kumi na wanne wanawajibika kwangu moja kwa moja. Ni watu wangapi wanaofaa kusimamiwa na mtu mmoja?*

Jibu: Hakuna idadi moja inayofaa kazi zote, lakini kuna hesabu inayoonyesha kwa nini umechoka. Mwaka 1933 V. A. Graicunas, mshauri wa uongozi mwenye asili ya Lithuania, alionyesha kwamba msimamizi hashughuliki na mtu mmoja mmoja tu, bali hushughulika pia na uhusiano uliopo baina ya wale anaowasimamia, pamoja na makundi wanayoweza kuunda. Kwa hesabu yake, msimamizi wa watu 4 ana mahusiano 44 yanayoweza kumfikia. Wakiwa 5 yanakuwa 100. Wakiwa 6 yanaruka hadi 222. Si kwamba yote hujitokeza kila siku, na watu wanaofanya kazi ya aina moja mahali pamoja wanaweza kusimamiwa wengi zaidi bila shida, lakini wewe una matawi mawili, madereva, wauzaji na watunza stoo. Weka kiongozi mmoja katika kila tawi, umpe madaraka ya kweli, na uache kupokea simu za wauzaji wa kawaida. Wiki za kwanza utapata shida, kwa sababu watu watamruka kiongozi wao na kuja kwako kama walivyozoea. Kila mara warudishe kwake kwa upole.

Swali: *Nafanya kazi ya kaunta katika supamaketi moja Dodoma. Kila mwisho wa mwezi fedha zikipungua, shoti inagawanywa sawa kwa wote tuliokuwa zamu na kukatwa kwenye mishahara. Siku ya kuajiriwa tulisaini fomu ya kukubali makato. Je, hii ni haki? Na je, meneja angeweza kufanya nini kingine?*

Jibu: Kwa maelezo yako, utaratibu huo haukubaliki kisheria, na kwa maoni yangu ni uongozi mbaya pia. Sheria niliyoitaja hapo juu, katika kifungu cha 28, inaruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa masharti: hasara iwe imetokea wakati mfanyakazi akiwa kazini na kwa kosa lake yeye mwenyewe, mwajiri awe amempa maelezo ya maandishi kuhusu sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa, mfanyakazi awe amepewa nafasi ya kutosha ya kupinga, makato yasizidi hasara yenyewe, na jumla yake isizidi robo ya ujira wake. Kuwagawia watu wote hasara ambayo haijulikani nani aliisababisha kunashindwa katika sharti la kwanza kabisa. Fomu mliyosaini haiwezi kuziba pengo hilo, kwa kuwa hata penye ridhaa ya maandishi masharti hayo bado yanapaswa kutimizwa. Anzeni kwa kumwandikia meneja kwa adabu mkiomba maelezo ya kila makato, na kama mna tawi la chama cha wafanyakazi litumieni. Mkikwama, mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, uko wazi, lakini msichelewe, maana migogoro ina muda wake wa kufikishwa huko.

Sasa nizungumze na meneja wako, kama anatusoma. Ndugu meneja, makato ya pamoja yanakunyima habari unayoihitaji kuliko zote, yaani fedha zinapotelea wapi. Yule asiye mwaminifu analipa sehemu ndogo tu ya alichochukua na sehemu iliyobaki inalipwa na wenzake, wakati yule mwaminifu anajifunza kwamba uaminifu wake hauna faida yoyote. Badala yake, kila mtu wa kaunta awe na droo yake mwenyewe, aifungue kwa fedha ya chenji iliyohesabiwa mbele ya mtu wa pili, na asimpe mwenzake hata kwa dakika tano za kwenda msalani bila kuifunga. Mwisho wa zamu ahesabu fedha taslimu kabla ya kuonyeshwa jumla ya mauzo, kisha hesabu hiyo ilinganishwe na ripoti ya mashine na ujumbe wa malipo ya simu, na makabidhiano yasainiwe na wote wawili. Mkifanya hivyo kwa mwezi mmoja, huenda mkagundua kwamba sehemu ya shoti si wizi hata kidogo, bali ni malipo ya simu yaliyoingizwa kama taslimu, au bei ya rafu isiyolingana na bei ya mashine. Kosa la aina hiyo hurekebishwa ofisini, na mshahara wa mtu wa kaunta hauna uhusiano wowote nalo.

Swali: *Nina umri wa miaka 31 na nimepandishwa cheo kuwa msimamizi wa karakana ya malori Dar es Salaam. Mafundi wawili nilionao wana umri wa baba yangu, na mmoja ndiye aliyenifundisha kazi. Nawaamkia shikamoo asubuhi, kisha saa moja baadaye natakiwa kumwambia mmoja wao kwamba amechelewa tena. Nashindwa.*

Jibu: Mdogo wangu, endelea na shikamoo yako. Wapo watakaokushauri uiache ili uonekane mkubwa, na ushauri huo ukiufuata utapoteza heshima ya karakana nzima, si ya wazee peke yao. Heshima ya umri na wajibu wa kazi havipingani, ila vinahitaji kila kimoja mahali pake na maneno yake.

Usimwambie mzee habari ya kuchelewa mbele ya wenzake, na wala usimtume mtu mwingine akamwambie. Mwite pembeni, umwombe mkae, na umweleze jambo lenyewe kama lilivyo: "Mzee wangu, wiki hii gari la saa moja limetoka saa tatu mara mbili kwa sababu breki zilikuwa zinakusubiri wewe. Nisaidie nielewe kuna nini." Kisha unyamaze umsikilize, kwa sababu inawezekana kabisa kuna mgonjwa nyumbani, au barabara anayopitia imefungwa, au hakuna aliyemwambia kwamba gari hilo sasa linatoka saa moja. Mkishakubaliana, useme wazi ni saa ngapi unamtarajia na nini kitafuata kama itajirudia, na uyaandike mliyokubaliana. Kuficha matokeo kwa sababu ya haya ni kumdanganya mzee, na siku utakapolazimika kumpa barua ya onyo ataona umemvizia.

Nina sababu ya kusisitiza namna ya kusema. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi kuwa na majivuno na dharau kwa wanaowaongoza, na katika miaka miwili mitatu iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa vya Dar es Salaam waliweka vifaa chini. Sehemu kubwa ya malalamiko yao haikuhusu mishahara bali namna walivyotendewa na kusemeshwa na mameneja. Mtu anaweza kuvumilia ujira mdogo kwa muda mrefu kuliko anavyoweza kuvumilia kudhalilishwa mbele ya vijana wake.

Fahamu pia kwamba wazee hao tayari wanaongoza karakana, hata kama hawana cheo. Katika kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago, watafiti walikaa kuanzia mwishoni mwa 1931 hadi katikati ya 1932 wakiwatazama wanaume 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu. Uongozi ulikuwa umeweka kipimo chake cha kazi ya siku, lakini wanaume wale walikuwa na kipimo chao wenyewe, na aliyekipita kwa kasi alipigwa ngumi ya bega na wenzake ili apunguze. Fedha ya ziada waliyoahidiwa haikubadilisha hilo. Nawe una kundi la namna hiyo. Fundi aliyekufundisha ndiye anayejua ni kazi kiasi gani vijana wanaona ni ya haki kwa siku, na akiwa upande wako utaratibu mpya utapita bila kelele. Kabla hujabadilisha mpangilio wa zamu au wa vipuri, mwendee kwanza, umwulize angefanyaje yeye, na sehemu ya ushauri wake utakayoitumia, useme mbele ya wote kwamba imetoka kwake.

Swali: *Ninaendesha kampuni ya kusambaza pembejeo za kilimo Nakuru, Kenya. Karani wangu wa ankara huchelewesha kazi kila wiki, na wateja wanalipa kwa kuchelewa. Nimemwonya kwa mdomo mara nyingi. Nataka kumfuta kazi mwisho wa mwezi huu. Nifuate utaratibu gani?*

Jibu: Kwanza nikuombe usimame kidogo kwenye sentensi moja ya barua yako, ambapo unasema madereva huleta hati za mzigo uliofikishwa "siku ya Jumamosi wakirudi". Kama karani hupokea hati za juma zima mchana wa Jumamosi, atawezaje kutoa ankara ya mzigo wa Jumanne siku ya Jumatano? W. Edwards Deming, mtakwimu wa Marekani aliyeanza kuwafundisha viongozi wa viwanda vya Japani mwaka 1950, alikadiria baadaye kwamba asilimia 94 ya matatizo kazini hutokana na mfumo, ambao ni jukumu la uongozi. Hata anayedhani kadirio hilo limezidi anapaswa kuukagua mfumo kabla ya mtu. Waagize madereva wapige picha hati na kuituma mara tu mteja anapoisaini, kisha mpime karani kuanzia dakika anayoipokea. Mpe kipimo kilicho wazi, kwa mfano ankara kutoka ndani ya siku moja ya kazi, kimaandishi, na muda wa kutosha wa kukifikia, huku mkikaa pamoja kila wiki kutazama alipofika.

Ikiwa baada ya hapo bado hafikii, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakutaka ufuate hatua. Chini ya kifungu cha 41, kabla ya kumwachisha kazi kwa sababu ya utendaji duni ni lazima umweleze, kwa lugha anayoielewa, sababu unazozifikiria, na ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chake katika kikao hicho. Lazima umsikilize yeye na huyo aliyemchagua, na uyazingatie waliyoyasema kabla ya kuamua. Kikao kinachofanyika baada ya barua ya kufutwa kuandikwa hakina maana mbele ya mahakama. Anayelipwa kwa mwezi anastahili ilani ya maandishi ya angalau siku 28, au malipo badala yake. Ukikosea, mahakama inaweza kukuamuru umlipe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, na mzigo wa kuthibitisha sababu ya kumwachisha ni wako, si wake. Maonyo ya mdomo uliyoyataja hayatakusaidia hapo, kwa sababu huna tarehe wala saini ya hata moja.

Hatimaye, kama mtaachana, mpe malipo ya likizo aliyolimbikiza na cheti cha utumishi kinachoonyesha kazi aliyoifanya na tarehe alizoanza na kumaliza. Cheti hicho ni haki yake kisheria hata kama mmeachana kwa ubaya, na waajiri wengi hukizuia kwa hasira bila kujua kwamba ni kosa.